Uzito, Tungamo na Kani: Istilahi za Fizikia Mbele ya Mizani ya Nyanda za Juu Kusini

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuhakiki kundi dogo la istilahi za Fizikia ya shule, yaani zile zinazohusu kani, uzito, mvutano na mwelekeo. Si istilahi mpya. Nyingi zimekuwamo katika orodha na kamusi zetu kwa miongo kadhaa, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ambayo mfasiri yeyote wa sayansi hana budi kuwa nayo mezani. Swali letu basi si kama maneno yapo. Swali ni kama maneno hayo, yakitolewa katika safu za orodha na kupelekwa kazini, yanaibeba maana yaliyopewa.

Mahali pa kuyajaribia tumechagua Nyanda za Juu Kusini, katika Iringa na Mbeya. Sababu ya kwanza ni kwamba huko watu hupima, hunyanyua na husukuma vitu vizito mchana kutwa: magunia ya viazi ya Uporoto, majani ya chai ya Mufindi na Rungwe, magogo ya Sao Hill, malori ya barabara ya Tanzania na Zambia. Sababu ya pili ni ya kihistoria. Tume ya Rais ya Elimu, iliyotoa ripoti yake mwaka 1982 na kupendekeza kuwa Kiswahili kianze kufundishia katika shule za sekondari mwaka 1985, iliongozwa na Ndugu Jackson Makwetta wa Njombe, wilaya ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1983 Serikali ilieleza kuwa Kiingereza kingeendelea, na hadi leo Fizikia ya sekondari hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza.

Tangu wakati huo hoja moja imerudiwa mara nyingi, kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha za sayansi. Watetezi wa Kiswahili nao wamezoea kuijibu kwa kuhesabu istilahi zilizokwisha sanifiwa. Sisi tunaona kuwa hesabu hiyo haitoshi. Istilahi elfu kumi zinazopotosha hazimfai mwalimu kama zinavyomfaa istilahi kumi zinazofundisha. Na tutajaribu kuonyesha kuwa pale ambapo wasanifu wetu walifuata maumbile ya Kiswahili chenyewe, istilahi imetoka ikiwa mwalimu wa pili darasani; bali pale walipofuata safu ya Kiingereza mstari kwa mstari, imetoka ikiwa kikwazo.

2. Nguvu, kani na jitihada

Tuanze na lile lililofanywa vizuri. Neno "nguvu" katika Kiswahili cha kila siku hufanya kazi nyingi mno. Tunasema mtu ana nguvu, dawa ina nguvu, sheria ina nguvu. Tunasema nguvukazi. Mtambo wa Kihansi, unaotumia maji yanayoporomoka zaidi ya mita 800 kutoka katika milima ya Udzungwa, husemwa kuwa unatoa nguvu za umeme za megawati 180. Na mashine ya kusaga ya kijijini husemwa kuwa ina nguvu za farasi kadhaa. Katika mifano hiyo miwili ya mwisho mwanafizikia haoni kani hata kidogo. Anaona kiasi cha nishati kinachotolewa kwa kila sekunde. Neno moja limetwikwa dhana tatu, na mwanafunzi hana njia ya kujua ni ipi inayotajwa.

Isidhaniwe kuwa huu ni ugonjwa wa Kiswahili peke yake. Hermann von Helmholtz, alipotoa mwaka 1847 maandishi yake mashuhuri juu ya jambo ambalo leo tunaliita hifadhi ya nishati, alilitaja kwa neno la kawaida la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Wajerumani walihitaji miaka mingine kuyatenga maneno hayo. Lugha zote za sayansi zimeupitia msitu huu. Tofauti ni kwamba sisi tunaupita tukiwa na ramani ya waliotangulia.

Kwa hiyo wasanifu walifanya vyema kulichukua neno "kani". Ni neno la zamani la pwani, lenye maana ya nguvu na pia ya ubishi na ukaidi. Wapo walimu wa bara wanaolalamika kwamba neno hili halisikiki Makete wala Rungwe, na kwamba mtoto hulikuta kwa mara ya kwanza kitabuni. Malalamiko hayo ni ya kweli, lakini sisi tunayaona kuwa sifa. Neno ambalo mtoto hajalizoea sokoni huja darasani likiwa tupu, na mwalimu hulijaza maana moja tu: kile kinachosukuma au kuvuta, chenye ukubwa na mwelekeo, na kinachopimwa kwa nyutoni. Tena kani imekwisha zaa. "Kanieneo", yaani kani iliyogawanywa kwa eneo, ni istilahi inayoifundisha kanuni yake kwa kutamkwa tu. Mwanafunzi aliyesahau jinsi ya kukokotoa atakumbushwa na jina lenyewe.

Tukilitazama somo la mashine rahisi, mambo hugeuka. Humo tunafundisha kuwa wenzo una egemeo, mzigo na "jitihada". Egemeo ni neno zuri lisilo na shaka, kwani kila mtu anajua kuegemea ni nini. Lakini jitihada ni nini? Katika Kiswahili jitihada ni sifa ya mwenendo. Mwanafunzi husifiwa kwa jitihada, na mkulima huhimizwa aongeze jitihada. Mfanyakazi wa Sao Hill anayelibingirisha gogo kwa mtaimbo anaweza kuwa mvivu kuliko wote na bado akasukuma ncha ya mtaimbo kwa nyutoni 300. Na mwenzake anayelisukuma gogo hilo kwa mabega tangu asubuhi bila kulisogeza ana jitihada kubwa, lakini hajafanya kazi yoyote kwa maana ya Fizikia. Hapa safu ya Kiingereza ilifasiriwa kwa neno la karibu, na dhana ikapotea. Tulikuwa na neno tayari. Kinachotiwa kwenye wenzo ni kani, na kinachopingana nayo ni kani nyingine inayotokana na mzigo. Kuliita jambo moja kani katika sura moja na jitihada katika sura nyingine ni kumfanya mtoto ajifunze mara mbili kile ambacho angekielewa mara moja.

3. Uzito na tungamo

Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki huu. Katika Fizikia kuna mambo mawili yanayopaswa kutengwa. La kwanza ni kiasi cha maada kilichomo katika kitu. Hicho hakibadiliki kitu kikihamishwa, na hupimwa kwa kilogramu. La pili ni kani ambayo Dunia hukivutia kitu hicho. Hiyo hubadilika kulingana na mahali, na hupimwa kwa nyutoni. Istilahi zetu zimeliita la kwanza "tungamo", na wengine huliita "masi". La pili zimeliita "uzito".

Chukua gunia la viazi la kilo 100 kutoka Mbeya, mji ulio kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ulishushe Dar es Salaam kwenye usawa wa bahari. Tungamo lake ni lile lile. Lakini Dar es Salaam iko karibu zaidi na kitovu cha Dunia, na ukikokotoa kwa mwinuko na latitudo ya miji hiyo miwili utakuta kuwa huko Dunia hulivuta gunia zaidi kidogo, kwa kadiri ya sehemu 5 katika 10,000. Mizani ya springi iliyorekebishwa Mbeya ingeonyesha Dar es Salaam ongezeko la gramu 50 hivi. Mizani ya mawe isingeonyesha ongezeko lolote, kwa sababu mawe nayo huvutwa zaidi kwa kadiri ile ile. Mizani moja hupima kani, nyingine hulinganisha tungamo. Mfanyabiashara hatazihesabu gramu hizo 50. Mwalimu hana ruhusa ya kuzidharau, kwa kuwa ndani yake mna somo zima.

Sasa mtazame mchumaji wa chai wa Mufindi. Kapu lake huning'inizwa kwenye mizani ya springi. Chombo hicho kinapima kani, lakini uso wake umeandikwa kilo, na karani hutangaza "uzito" wa majani. Tazama pia mizani ya malori ya Wenda, Iringa. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaitwa sheria ya udhibiti wa uzito wa magari, na uzito huo hutajwa kwa tani. Sokoni, shambani, zahanati anapopimwa mtoto, mahakamani na katika Gazeti la Serikali, uzito ni kilo na tani. Fizikia peke yake ndiyo inayosema kuwa uzito ni nyutoni.

Tumefikaje hapa? Tunaamini kuwa tumefika kwa kufuata safu. Kiingereza kilikuwa na neno la kawaida la sokoni, kikalipa maana ya kani. Nasi tukalichukua neno letu la kawaida la sokoni tukalipa maana hiyo hiyo. Lakini mataifa yenyewe yaliyoanzisha matumizi hayo yalitatizwa nayo. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliofanyika Paris mwaka 1901 ulilazimika kutoa tamko kwamba kilogramu ni kipimo cha tungamo, na kwamba uzito ni jambo la jinsi moja na kani. Tamko hilo lilitolewa kwa sababu watu walikuwa wakiyachanganya. Sisi tuliirithi dawa pamoja na ugonjwa.

Tena Kiswahili kina sababu yake ya ndani ya kulikataa tendo hili. Angalia umbo la neno. "Uzito" ni kiambishi u- pamoja na kivumishi -zito, kama ulivyo urefu, upana, ukubwa na unene. Majina ya jinsi hii hutaja sifa iliyomo ndani ya kitu chenyewe. Mti ni mrefu popote ulipo. Jiwe ni zito popote lilipo. Majina ya vitendo vinavyofanywa juu ya kitu hujengwa kwa namna nyingine: kutokana na vitenzi, kwa kiambishi m- na irabu -o mwishoni. Ndivyo tulivyopata mvuto, msukumo, mkazo, mkandamizo. Sarufi yetu basi ilikwisha kutenga sifa na kani kabla hatujafungua kitabu cha Fizikia. Tunapomwambia mtoto kuwa uzito, tofauti na urefu na upana, si sifa ya kitu bali ni kani itokayo nje, hatumfundishi Fizikia tu. Tunamwomba aisahau sarufi yake. Si ajabu kwamba anashindwa, na anapovuka kwenda kidato cha kwanza huubeba mkanganyiko huo hadi katika Kiingereza.

Je, tubadilishe, uzito uwe kilo na neno jingine lishike mahali pa nyutoni? Kwa hoja ya sarufi peke yake tungesema ndiyo. Lakini istilahi ikishaingia katika vitabu na mitihani haing'olewi bila hasara, na anayeisanifu lugha kila baada ya miaka kumi huishia kutosanifu chochote. Tunaona iko njia ya kati. Mfasiri na mwandishi wa vitabu wasiliache neno uzito lisimame peke yake katika Fizikia. Waandike "kani ya uzito". Maneno haya mawili hayavunji kamusi yoyote, yanamkumbusha msomaji kuwa jambo linalotajwa ni kani, na yanaliachia soko na sheria neno lao.

Kuhusu tungamo na masi, tunaunga mkono la kwanza. Tungamo lina jamaa: kuna kutunga na kutungamana, na ndani yake msomaji husikia vitu vilivyokusanyika vikawa kimoja. Masi haina jamaa yoyote.

4. Mvuto na mvutano

Tumesema kuwa Kiswahili hufundisha pale kinapoachiwa. Mfano ulio bora kuliko yote ni neno "mvutano".

Mwaka 1687 Isaac Newton alieleza kuwa kila kitu chenye maada huvuta kila kitu kingine, na kwamba kitu kimoja kikikitia kingine kani, hicho cha pili nacho hurudisha kani iliyo sawa kwa ukubwa na kinyume kwa mwelekeo. Wanafunzi wa lugha zote huona shida kuliamini jambo hili. Tuseme juu ya kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma na nikeli lenye tani 16 hivi ambalo wenyeji walilijua kwa vizazi vingi kabla ya mpimaji ardhi W. H. Nott kulitangaza kwa wanasayansi mwaka 1930, na ambalo tangu 2016 limo katika Mkoa mpya wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya. Dunia hulivuta pande hilo kwa kani ya takriban nyutoni 157,000. Ni rahisi kukubali. Lakini kimondo nacho huivuta Dunia nzima kwa nyutoni 157,000 zile zile. Hapo mwanafunzi husita.

Kiswahili hakisiti. Silabi moja, -an-, imelisema yote. Vuta ni tendo la mmoja. Vutana ni tendo la wawili, na hakuna anayeweza kuvutana peke yake. Ukisema "mvutano wa Dunia na kimondo" umekwisha kuitaja kanuni. Hali ni hiyo hiyo katika msuguano na mgongano: tairi na lami vinasuguana, magari mawili yanagongana, na hakuna upande unaotenda tu bila kutendwa. Ni hazina ambayo lugha nyingi za sayansi hazina, nasi tulipewa bure.

Kwa bahati mbaya waandishi wetu huitupa. Vitabuni na magazetini tunasoma kwamba "Dunia ina nguvu ya mvutano", kana kwamba mvutano ni mali ya Dunia peke yake. Anayetaka kutaja upande mmoja aseme mvuto wa Dunia. Anayetaka kutaja uhusiano wa pande mbili aseme mvutano wa Dunia na kitu. Wengine hupendelea kukopa na kusema "graviti". Mkopo huo haukatazwi, lakini tunauliza: kwa nini tukope kapi wakati tuna injini?

5. Spidi, velositi na vekta

Ugumu wa mwisho ni wa mwelekeo. Lori lenye tungamo la tani 50 linapanda Kitonga, katika ile sehemu ya barabara kati ya Ruaha Mbuyuni na Ilula, kwa kilomita 20 kwa saa. Lori jingine linashuka kwa kilomita 20 kwa saa. Spidi zao ni sawa. Velositi zao si sawa, kwa kuwa velositi ina ukubwa na mwelekeo. Kiswahili cha kawaida hakina neno linalozitenga: mwendo, kasi, mbio na "mwendokasi" hayamwambii msomaji chombo kinaelekea wapi. Neno mwendokasi, hata kama lingefaa, limekwisha kuchukuliwa na abiria wa Dar es Salaam, ambao tangu 2016 wamelifanya kuwa jina la mabasi. Istilahi haishindani na kituo cha basi.

Kwa hiyo hapa, tofauti na graviti, mkopo una haki yake. Spidi na velositi ni mageni yote mawili, na ugeni wao huwaweka mbali na mkanganyiko. Vivyo hivyo vekta. Asili yake ya Kilatini ni mchukuzi, na kulifasiri hivyo kusingemsaidia mtu yeyote. Kukopa ni halali pale ambapo lugha haina mbegu. Ni uvivu pale ambapo mbegu ipo na haikupandwa.

Lakini neno vekta halitoshi bila sentensi zake. Turudi Kitonga. Tuseme barabara inapanda mita 1 kwa kila mita 10 za mwendo. Kani ya uzito wa lori letu ni takriban nyutoni 490,000, nayo huelekea chini moja kwa moja. Kani hiyo moja yaweza kutazamwa kama kani mbili: moja ya nyutoni 49,000 inayolivuta lori kufuata mteremko, na nyingine ya nyutoni 488,000 hivi inayoikandamiza lami. Mwanafunzi akizijumlisha kama viazi atapata 537,000 na kusema kuwa Fizikia ni uongo. Akikumbuka kuwa kani ni vekta, atazichora kwa mishale na kuona kuwa zinarudisha 490,000 zile zile. Hizo nyutoni 49,000 ndizo breki zinazopambana nazo pamoja na msuguano katika safari nzima ya kushuka, na breki zikipata moto mno zikashindwa, ndizo zinazoua. Kwa hiyo mwandishi asiandike kamwe "kani ya nyutoni 49,000" akanyamaza. Aandike inaelekea wapi. Kitenzi -elekea tunacho, na ndicho kinachoifanya vekta kuwa Kiswahili.

6. Mapendekezo

Kutokana na hayo tunapendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaohusika na vitabu:

(i) "Kani" itumike popote panapotajwa kinachosukuma au kuvuta, pamoja na katika somo la wenzo, na "jitihada" iachiwe somo la uraia.

(ii) Katika Fizikia iandikwe "kani ya uzito", pamoja na nyutoni; na "tungamo", pamoja na kilogramu. Katika sheria na biashara "uzito" ubaki kama ulivyo, na mfasiri wa sheria asijaribu kuusahihisha.

(iii) "Mvuto" utajwe kwa upande mmoja, "mvutano" kwa pande mbili, na sentensi iwataje wote wawili wanaovutana.

(iv) Spidi, velositi na vekta zikubaliwe, kwa sharti kwamba kila kani na kila velositi itajwe pamoja na mwelekeo wake.

(v) Istilahi zisanifiwe kwa familia. Kikao kinachopitisha uzito leo na tungamo mwezi ujao hakiwezi kuona kuwa maneno hayo mawili yanagombana.

Wako watakaosema kuwa hizi ni nywele za kupasua, na kwamba swali kubwa ni lugha gani itafundishia sekondari. Swali hilo ni la Serikali na la wananchi, nalo litaamuliwa kwa wakati wake. Lakini shule za msingi za umma hazingoji uamuzi huo. Leo, Mafinga na Tukuyu, maelfu ya watoto wanafundishwa kwa Kiswahili kwamba kitu kina uzito. Tuna wajibu wa kuhakikisha kuwa wanapoambiwa hivyo, wanaelewa ni nini kinachovutwa, ni nini kinachovuta, na kuelekea wapi.